Mrejesho: Komedi ya msaliti na marafiki zake sasa inachekesha

Wakuu, swali lilikuwa hili: igizo la dakika 20, kijana anamsaliti mchumba wake, marafiki wawili wanamkingia kifua, ila vicheko vinakatika katikati. Sasa vinafika mwisho. Ahsanteni.

Dawa kubwa ilikuwa kuisogeza siri. Awali watazamaji waligundua usaliti pamoja na mchumba, wakamhurumia. Sasa wanaujua tangu dakika mbili za kwanza, hivyo kila uongo wanausubiri uanguke.

Uongo wenyewe umebaki mmoja: "Nilikuwa namsaidia Juma kubeba kabati." Uongo wa kitu kinachoshikika huzaa kazi. Mchumba akitaka kuliona, Juma, yule rafiki wa kwanza, hana budi kulitafuta, na rafiki wa pili, ambaye hakupangwa, ameshasema lilikuwa friji. Huyo asipewe taarifa mapema; akishajua mpango mzima, kichekesho kimekufa. Kabati nalo liwe la mbao kweli. La maboksi hubebwa kwa mkono mmoja na hakuna anayeamini jasho. Toeni droo, fungeni milango kwa kamba, vidole vya watu visije vikabanwa.

Mchumba akiuliza kwa simu iliyo kwenye spika, swali likiisha hesabuni mbili kimoyomoyo ndipo mjibu. Mkiwahi, kicheko kinameza jibu.

Na mchumba msimfanye mjinga, jamani. Aulize kwa upole tu:
"Lina milango mingapi?"
"Miwili!"
"Mitatu!"
"Friji?"