Naombeni ushauri: plea ya muziki ya mfukoni yenye memori kubwa na sauti safi

Mpenda Dansi
Habari zenu wakuu. Natafuta kile kifaa kidogo cha kusikilizia muziki tu, simu sitaki. Nina muziki kama GB 380 kwenye hadidiski ya nje, nusu ni sidii za mzee wangu nilizozihamisha kwa FLAC (faili linalobana muziki bila kupoteza sauti), nusu ni kanda za dansi, Sikinde, Msondo, Marijani Rajabu, zile rekodi za enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), hizo nazihamisha mwenyewe kwa programu ya Audacity na nasevu WAV, faili lisilobanwa, ya biti 24 kHz 96, kiwango cha juu kuliko sidii, ili nisipoteze kitu. Simu yangu haina tundu la hedifoni wala sehemu ya kadi, na nikisafiri Dar hadi Mwanza watu wanapiga katikati ya wimbo, ikifika Singida chaji iko mwishoni. Bajeti laki nne, nikijibana tano. Sauti ndio muhimu kwangu, zile gitaa mbili tatu zinazopishana kwenye sebene nataka nisikie kila moja na njia yake. Naona watu wanasifia Walkman, wengine iPod za zamani, wengine hizi za Kichina. Mwenye uzoefu anisaidie.

Mwana wa Kisauni
Salama kaka. Mimi nakuambia tafuta iPod ya kizazi cha tano, ile ya 2005 na 2006. Ndani ina diski inayozunguka, unaitoa unaweka adapta ya iFlash inayochukua kadi ya SD, unabadilisha na betri, basi una kifaa kinachobeba GB 512 bila tabu. Ila uwe makini ununue ile ya GB 60 au 80 maana zina RAM (memori ya kufanyia kazi) ya MB 64, ya GB 30 ina MB 32 tu na nyimbo zikiwa nyingi inalemewa. Programu yake ya kawaida haichezi FLAC, unaweka Rockbox, ni ya bure, inacheza karibu kila aina ya faili. Sauti yake tamu mno, haichoshi masikio. Mimi yangu hiyo siiuzi kwa bei yoyote.

Fundi Spika
Mkuu kabla hujatoa hela hebu tuangalie kwanza hizo kanda, kwa sababu hapo ndipo memori yako inapoliwa. WAV ya biti 24 kHz 96 ni kama MB 35 kwa dakika moja, kwa hiyo kanda ya dakika 60 inakula GB 2 na ushee. Kanda yenyewe kati ya mvumo wake na sauti ya juu kabisa ina desibeli kama 50 hadi 60 hivi, na biti 16 za sidii zinabeba 96, yaani kila kilichomo kwenye kanda kinaingia na nafasi inabaki. Zile za biti 24 zitunze hukohuko kwenye hadidiski, ndiyo kumbukumbu yako na siku ukitaka kusafisha mvumo utazihitaji, ila za kutembea nazo zigeuze FLAC ya biti 16 kHz 44.1, yaani kiwango cha sidii. Programu ya foobar2000 inageuza foda zima kwa mpigo. Kanda ile ile itashuka hadi kama MB 400. Nusu yako ya kanda ambayo sasa ni GB 190 itakuwa kama GB 40, na jumla ya mzigo wote GB 230. Usiende MP3, huna sababu ya kutupa kitu wakati nafasi ipo.

Msikilizaji_254
Fundi amesema ukweli mtupu. Sasa kwa vifaa, kuna FiiO Snowsky Echo Mini, ni ya bei nafuu sana na sauti iko sawa kabisa, lakini mwisho wake ni kadi ya GB 256, na kadi ya 256 ukiiweka kwenye kompyuta inasoma 238 hivi, so utajaza siku ya kwanza na kanda bado unaendelea kuhamisha. Ruka hiyo. HiBy R1 inachukua kadi hadi TB 2, bei yake chini ya dola mia, haina Android kwa hiyo hakuna mambo ya apu kukusumbua. Ukitaka kubwa zaidi FiiO JM21, hiyo ni Android, ina tundu la kawaida na lile la milimita 4.4, iko karibu dola mia mbili, ushuru na usafirishaji juu yako. Walkman NW-A306 ni kifaa kizuri na kimeundwa vizuri mno, ila ina GB 32 za ndani na Android inakula karibu nusu, halafu nguvu yake ya kusukuma hedifoni ni ndogo na bei inapita bajeti yako mbali.

Iangalie na hii: hakikisha kifaa kinakuruhusu kufungua muziki kwa mafoda. Kanda zako hazina majina ndani ya faili, kifaa kinachopanga kwa msanii na albamu tu kitazitupa zote kwenye lundo moja la "unknown" na hutapata wimbo. HiBy na FiiO zinafungua mafoda, na hiyo Rockbox pia.

Mpenda Dansi
Asanteni sana wakuu, hilo la kanda sikuwa nalijua kabisa, leo usiku naanza kugeuza. iPod naipenda ila huku kupata iliyo nzima ya GB 60 ni kazi na kufungua lile ganda naogopa. Naelekea kwenye HiBy R1 na kadi ya 512. Swali la mwisho, hela inayobaki niiweke kwenye hedifoni au ninunue JM21 moja kwa moja?

Fundi Spika
Hedifoni, bila kufikiria mara mbili. Tofauti kati ya R1 na JM21 utaitafuta kwa utulivu chumbani, tofauti kati ya iafoni ya bure na iafoni nzuri utaisikia hata ndani ya basi. Chukua za kuziba sikio, ohm 16 hadi 32 (ohm zikiwa nyingi hedifoni inataka nguvu zaidi), zile kubwa za ohm 300 kwa R1 zitasikika chini na zimekosa uhai. Na jaribu mipira yote inayokuja nayo, isipoziba vizuri besi inapotea na gitaa zinakuwa kali. Tumia waya, Bluetooth iache kwa dharura, betri nayo itakaa zaidi.

Mama Taarabu
Mdogo wangu, na hiyo kadi ya 512 isikupite hivihivi. Kadi feki zimejaa, inaandika 512 na kompyuta inakubali kabisa, kumbe ndani ni 32, unaona majina ya nyimbo yote yapo halafu ukibonyeza nyingi hazichezi. Ukinunua tu, kabla hujaweka chochote, ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Inajaza kadi yote kisha inasoma kilichoandikwa, inaweza kuchukua masaa, iache ifanye kazi usiku. Ikisema kuna makosa rudisha dukani siku hiyohiyo, na risiti uwe nayo.