Tupeane uzoefu: Tarehe ya kufungua shule ilipokuvuruga. Nani aiamue?

Mchakamchaka
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita stendi ya Msamvu nikamkuta dogo wa bweni amekalia tranka lake, godoro limefungwa kamba ya katani, anamuuliza kila kondakta kama shule zinafunguliwa kesho au wiki ijayo. Kila aliyeulizwa alikuwa na tarehe yake. Nikakumbuka 2020.

Nilikuwa kidato cha sita. Machi 17 Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe siku 30 kwa ajili ya korona, bweni zima likalipuka kwa kelele za furaha. Siku 30 zikaisha, zikaongezwa. Tukarudi Juni 1 na mtihani wa taifa ukaanza Juni 29. Yaani wiki nne za kufukua kemia iliyozikwa tangu Machi. Tarehe yenyewe niliipata kwa kinyozi, redio ikiwa inaongea, nusu kichwa kimeshanyolewa.

Swali: nani anapaswa kuamua shule zifunguliwe lini? Kamishna wa Elimu kama ilivyo sasa, halmashauri, mkuu wa shule au wazazi? Leteni mliyoyapitia. Mambo ya vyama pelekeni jukwaa la siasa.

Tranka la Bati
Juni 2020 nilikuwepo. Kemia ilinipita kushoto mpaka leo.

Mwl_Liwale
Umenigusa pabaya mleta mada.

Nafundisha msingi, vijijini kabisa, huku Lindi. Waraka unasema shule zinafunguliwa Januari, na sisi tunafungua. Bendera inapandishwa, kengele (rimu ya gari) inagongwa, wimbo wa taifa tunaimba walimu na watoto wa walimu. Rejista ina majina ya kutosha kujaza darasa, lakini madawati yamebaki na popo.

Watoto wako wapi? Wako dunguni, kwenye vichanja vya kulindia mazao shambani. Mvua kwetu ni msimu mmoja, inaanza kama Desemba, na Januari ndiyo mwezi wa kupalilia na kuamia. Mchana ngedere, usiku nguruwe, na tukipakana na hifadhi kuna siku anakuja tembo mwenyewe. Mzazi hawezi kulala shambani peke yake akaacha watoto kijijini kilomita kibao, anahama na familia nzima, sufuria, kuku na mtoto wa darasa la tatu. Ukimfuata huko atakukaribisha vizuri sana, atakupa muhogo wa kuchoma, na atakwambia, "Mwalimu, nguruwe hajui kama shule zimefunguliwa."

Nimewahi kwenda na mwenyekiti wa kijiji kuwatoa. Tulimkuta binti wa darasa la tano, mmoja wa wanaojua hesabu vizuri kuliko wote, amekaa juu ya dungu na debe la kugonga na daftari la mwaka jana. Alikuwa anafanya maswali ya sehemu kwa mkaa kwenye ubao wa sakafu ya dungu kwa sababu kalamu imeisha. Baba yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Ukimchukua huyu, usiku wa leo nani atagonga debe?" Sikuwa na la kumjibu. Mwenyekiti alitoa neno "faini", na yeye mwenyewe shamba lake lilikuwa linaonekana kutoka pale, watoto wake wamo.

Hela huku ipo Oktoba mpaka Desemba, kwenye minada ya korosho. Novemba mtoto ana sare mpya na viatu, kila kitu tayari, lakini huo ni muda wa kufunga shule. Januari hela imeshaliwa, kazi ndiyo imeanza. Ningepewa mimi, huku mwaka ungeanza baada ya palizi. Tungefidia mwezi wa sita.

Mstaafu wa Kisutu
Mwalimu, pole na kazi, lakini hapo umechemka. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba nchi nzima. Ukianza Machi na wenzako wameanza Januari, nani atakusubiri? Na mtumishi akihamishwa kutoka Liwale kwenda Bukoba mwezi wa pili, watoto wake wanasoma mwaka upi? Kalenda ni moja kwa sababu nchi ni moja.

Mwl_Liwale
Mstaafu, kwenye karatasi tunaanza wote Januari. Kwa hali halisi mimi naanza Machi kila mwaka na Septemba inanikuta vilevile. Tofauti ni kwamba sasa hivi nazipoteza hizo wiki bila ruhusa ya kuzifidia.

Mstaafu wa Kisutu
Hilo ni tatizo la mahudhurio na sheria ya kusimamia mahudhurio ipo. Msilete utaratibu wa kila wilaya na kalenda yake, mtaishia kila mtaa na Iddi yake.

Kasa_Unguja
Iddi imeingiaje hapa jamani? 😂 Mimi niseme la kwetu. Elimu ya skuli za msingi na sekondari si jambo la Muungano, Zanzibar tuna wizara yetu na kalenda yetu. Kwa hivyo mnavyoogopa kalenda mbili, mbona zipo miaka yote na nchi haijazama. Ila kwenye kidato cha nne Mstaafu ana lake, mtihani ni wa Baraza la Mitihani (NECTA) lilelile, ukichelewa kumaliza muhtasari hakuna anayekuonea huruma kwa sababu umetoka visiwani.

Mbeba Boksi wa Virginia
Nisikilizeni mimi ndipo mtajua nani ana nguvu duniani.

Huku Marekani tarehe haipangwi na Washington. Kila jimbo lina sheria yake, na ndani ya jimbo kila wilaya ya shule ina bodi, nyingi zikiwa zimechaguliwa na wananchi, ambayo inapiga kura kupitisha kalenda. Mzazi unaenda kwenye kikao, unapewa dakika chache za kipaza sauti, unasema yako. Safi, sivyo? Sasa hapa Virginia tangu 1986 kulikuwa na sheria ya kuzuia shule kufunguliwa kabla ya sikukuu yao ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Watu waliita sheria ya Kings Dominion. Kings Dominion ni bustani ya mabembea! Biashara ya utalii ilitaka familia ziendelee kutembea mpaka mwisho wa kiangazi, na ilitaka vijana wa sekondari wabaki kazini kukata tiketi. Bodi iliyotaka kuanza mapema ilibidi iombe kibali maalumu, kwa mfano zile za milimani ambazo theluji inawafungia siku nyingi. Mwaka 2019 ndipo walipoilegeza, sasa unaweza kuanza wiki mbili kabla ya sikukuu.

Mimi kijana wangu wa kwanza alianza darasa la kwanza hapa nikaona ajabu, mwezi wa nane wote yuko ndani anacheza gemu, mimi niko zamu mbili. Nikauliza mbona hawaanzi, jirani akanijibu kwa ufupi, mabembea.

Tranka la Bati
Kwa hiyo Liwale kalenda inapingwa na nguruwe, Virginia inapangwa na bembea. Bora nguruwe, anakula mahindi kweli.

Mwl_Liwale
😂😂 Nitamfikishia salamu.

Binti wa Tudor
Nyinyi mwacheka. Mimi Aprili 2024 haitanitoka.

Mwanangu alikuwa kidato cha pili, bweni, upande wa Kakamega. Sisi twakaa Mombasa. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe Jumatatu tarehe 29 Aprili, na mvua ile ilikuwa yanyesha Kenya nzima, kila mtu auliza kama kweli watafungua. Hatukusikia la kuahirisha. Jumapili jioni nikampakia basi. Sanduku, blanketi, ndoo, mahamri na viazi karai kwenye mkebe. Simu hana, shule hairuhusu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tangazo latoka: ufunguzi umesongezwa wiki moja. Watu wamelala! Mimi naamka kuswali alfajiri, nafungua kundi la wazazi, jumbe zimejaa, "shule hakuna, shule hakuna". Mtoto wangu yuko barabarani. Nikapiga nambari iliyo kwenye tiketi, yaita tu. Nikapiga ya makanga, mteja. Nikawasha runinga nikitafuta tangazo lenyewe nilisikie kwa masikio yangu, nikakuta Mai Mahiu. Maji yamebeba kijiji usiku, watu wametafutwa kwenye tope. Na basi za kwenda magharibi zapita upande huo.

Niliketi sakafuni hapohapo kwenye msala. Mume wangu yuko melini, hapatikani. Kakangu akaja, akashika simu yeye kwa sababu mikono yangu ilikuwa haibonyezi nambari sawasawa. Asubuhi ikapita. Saa nne na kitu yaingia nambari nisiyoijua. "Mama, ni mimi." Yuko stendi ya Nakuru. Basi lao lilipitia njia ya juu, likachelewa, abiria wakaanza kusoma habari kwenye simu zao, wanafunzi waliokuwemo wakaambiwa shule hakuna. Wengine wakashuka. Yeye akashuka nao, akamwomba mama mmoja muuza chai simu. Swali langu la kwanza nikamwuliza umekula? Akasema mahamri yameisha, aliwagawia wenzake.

Kakangu ana rafiki kazini ambaye nyumbani kwao ni Nakuru. Watu nisiowajua wakaenda wakamchukua mwanangu stendi. Tukasema wiki moja tu. Ijumaa tarehe 3 Mei Rais naye akasimama, zimefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Zikaja kufunguliwa 13 Mei. Wiki mbili amelala kwa watu, na nauli ya nusu safari hakuna aliyenirudishia. Alipofika shuleni cha kwanza ameulizwa salio la karo.

Jicho la Mwewe
Mbona hii kama chai? Mtoto mdogo hivyo usiku peke yake kilomita zote hizo?

Binti wa Tudor
Chai anywe mama yako. Usiku ule basi zilijaa wanafunzi, kaulize.

KaroMaraNne
Ndugu Mwewe, mimi ni shahidi. Mkenya akikwambia alikuwa barabarani usiku ule usimwulize swali la pili. Shule nzuri ziko mbali, watoto wa bweni husafiri wenyewe tangu kidato cha kwanza. Hata mimi nilisafiri hivyo.

Mama Pacha Mbezi
Dada pole sana. Nimesoma hii na chakula kimeungua jikoni. Huyo mama wa chai Nakuru ulimpata tena?

Binti wa Tudor
Nambari yake ninayo. Tunatumiana salamu za Krismasi na Iddi.

Jicho la Mwewe
Sawa, nimerudi nyuma. Lakini bado nauliza, mvua hiyo angeamua nani? Mngesubiri halmashauri ipige kura na maji yameshaingia?

KaroMaraNne
Kwetu kaunti zina chekechea tu, shule nyingine zote ni serikali kuu. Na serikali kuu nayo… jina langu hapa halikuja bure. Korona: Julai 2020 Profesa Magoha, waziri wetu wa elimu wakati huo, akatuambia mwaka umefutwa, tukutane Januari 2021. Oktoba 12 gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudishwa, wengine wakangoja Januari. Kufidia, mwaka 2022 peke yake ukabeba mihula minne. Karo mara nne, mshahara uleule! KCPE, mtihani wa darasa la nane, mara mbili mwaka mmoja, ya Machi na ya Novemba. Agosti tena uchaguzi: wakafunga tarehe 2 warudi 11, ikawa 15, ikawa 18. Wangu mdogo alikuwa anavaa sare asubuhi halafu anakuja kuniangalia usoni kama nitasema vua.

Lakini kuamua waamue wao, sitaki diwani wangu aguse hilo. Ninachotaka mimi ni kwamba kukiwa na mvua, atakayesema ni mtu wa huko yanakofika maji, na aseme kabla mabasi hayajaondoka. Alhamisi jioni ikipita kimya, Jumatatu ibaki ilivyo.

Mstaafu wa Kisutu
Na mvua ikianza Ijumaa?

KaroMaraNne
Mzee, wewe ulikuwa ukifundisha sheria au?

Mstaafu wa Kisutu
Nilikuwa afisa elimu taaluma. Ratiba nyingi mnazozilalamikia zimepita mezani kwangu.

Tranka la Bati
Kumbe ni wewe!! Wakuu tumempata.

Mama Pacha Mbezi
Mimi nashauri tarehe ifuate mshahara. Wa Desemba unatoka kabla ya Krismasi, unaisha kabla ya mwaka mpya, halafu wiki ya pili ya Januari unaambiwa rimu, ufagio, jembe, daftari kubwa, viatu jozi mbili mara mapacha. Fungueni Februari. Kama hamtaki, ushauri kwa wazazi wenzangu: nunueni sare Novemba, bei iko chini.

Kasa_Unguja
Usinunue Novemba! Mtoto anakua likizo. Wangu suruali ilipofika Januari ilikuwa imeshakuwa pensi.

Mama Pacha Mbezi
Nunua yenye upindo mkubwa.

Mbeba Boksi wa Virginia
Au hamia huku, shule za serikali nyingi hazina sare.

Mchakamchaka
Nimewasoma wote. Mwalimu, nakuuliza kwa dhati: ukipewa ruhusa kisheria, nani pale kijijini atakaa aseme palizi imeisha, anzeni? Wewe, kamati ya shule, au mwenyekiti mwenye shamba?

Mwl_Liwale
Kamati ya shule, na afisa elimu kata aweke sahihi. Siku za masomo kwa mwaka zibaki zilezile 194 kama za wote, tusipunguze hata moja. Mwenyekiti hapana, yule mpaka ufuta uvunwe.

Mstaafu wa Kisutu
Kwa siku 194 zilizokamilika naweza kukusikiliza. Andika barua, pitisha kwa mkurugenzi.

Jicho la Mwewe
Mwalimu, hapo kwenye ufuta. Msimu uliopita mnadani kilo ilifika ngapi?

Mwl_Liwale
Njoo chemba.