Mrejesho: Kirikuu yangu ya petroli sasa inakula umeme

Wakuu, niliuliza kama Kirikuu (Suzuki Carry) iliyokufa injini inaweza kufungwa mota ya umeme hapahapa nyumbani. Inaweza, na inatembea.

Mota imetoka kwenye folklifti chakavu. Betri ni moduli (vifurushi vya seli) 20 za Nissan Leaf, gari la umeme, iliyopata ajali; safu mbili za kumi kumi kwa mfululizo, volti 76 hivi. Zikiwa mpya zingebeba kWh 10. Zangu zimechoka, zinatoa kama 7. Kwa mizunguko ya sokoni zinatosha. Gia boksi nimeiacha palepale, klachi nimetoa, naondokea gia namba mbili.

Kazi ngumu ilikuwa kuunganisha mota na gia boksi. Shafti zikipishana kidogo tu, beringi zinalia. Fundi wa mashine ya kukereza ndiye aliyeniokoa, na bei yake ilinikumbusha hilo.

Mzee aliyenionya kuhusu breki, shikamoo. Sevo, ile inayolainisha pedali ya breki, ilitegemea mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo nimeweka pampu ya umeme. Bila hiyo pedali inakuwa jiwe.

Nachaji kwenye soketi ya kawaida, inachukua masaa matatu hivi, Luku inavumilia. Kadi ya gari bado inasoma petroli. Aliyewahi kuibadilisha kule TRA (Mamlaka ya Mapato) anielekeze pa kuanzia.