Je, mashine ya kadi inalipa kwa duka dogo la vinyago Mwenge?

Mpingo_Mwenge:
Ndugu wanajukwaa, nina duka la vinyago pale Mwenge, na wateja wangu wakubwa ni watalii wanaopita Dar es Salaam kabla ya kuvuka kwenda Zanzibar. Wengi wao hawatembei na fedha taslimu za kutosha, na tangu kanuni za Machi 2025 zilipozuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, siwezi tena kupokea dola mkononi. Mteja akielekezwa ATM, mara nyingi harudi.

Benki moja imeniahidi mashine ya POS kwa makato ya asilimia 2.5 kwa kadi za hapa nchini na asilimia 3.5 kwa kadi za nje, pamoja na ada ya mashine ya Sh 30,000 kwa mwezi. Kwa kuwa faida ya kinyago si kubwa kama watu wanavyodhani (mpingo umepanda bei, na fundi naye lazima alipwe), naomba mwenye uzoefu anieleze asilimia hizo zinakwenda wapi, na kama kuna sehemu ninayoweza kuomba ipunguzwe. Naomba kuwasilisha.

Mhasibu_Kinondoni:
Ndugu mleta mada, jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba makato haya hayakatwi kwenye faida bali kwenye mauzo yote, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapoumia bila kujua. Chukua kinyago cha Sh 200,000 kinachokuachia faida ya Sh 40,000. Asilimia 3.5 ni Sh 7,000, na kwa kuwa ada za huduma za benki hutozwa VAT ya asilimia 18, inaongezeka Sh 1,260. Akaunti yako itaingiziwa Sh 191,740, na faida itabaki Sh 31,740. Zaidi ya moja ya tano ya faida imeondoka kabla hujalipia pango. Kwa hiyo iulize benki kwa maandishi kama asilimia waliyokutajia tayari ina VAT ndani yake. Kama umesajiliwa kwenye VAT, kodi hiyo unaweza kuidai kwenye ritani ukiwa na ankara ya kodi. Kama hujasajiliwa, ni gharama yako moja kwa moja.

Ama kuhusu zinakokwenda, makato hugawanywa mara tatu: kuna fungu la benki iliyompa mteja kadi, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote, kuna fungu la mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na kinachobaki ni cha benki iliyokupa mashine. Umoja wa Ulaya uliliwekea fungu la kwanza ukomo mwaka 2015, asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo, lakini ukomo huo ni wa malipo yanayofanyika huko kwao. Mjerumani akilipa kwa kadi yake Mwenge, haukusaidii wewe. Ndiyo maana kadi za nje ni ghali, na ndiyo maana nguvu zako za kuomba punguzo zielekee kwenye fungu la tatu na kwenye ada ya mwezi, kwa kuwa hayo tu ndiyo yaliyo mikononi mwa benki yako.

Mama_Loji:
Naongezea gharama ambayo haimo kwenye jedwali la ada, nayo ni malipo yanayopingwa. Mtalii akisharudi kwao anaweza kuiambia benki yake kwamba hakununua, au kwamba mzigo haukumfikia, na kwa madai mengi ana hadi siku 120 za kufanya hivyo. Fedha zinatolewa kwenye akaunti yako kwanza, kisha wewe ndiwe unayetakiwa kuthibitisha. Malipo ya kadi yenye chipu, ambayo mteja ameweka PIN mwenyewe mbele yako, yana ulinzi mkubwa. Namba ya kadi iliyotumwa kwa WhatsApp haina, kwa hiyo usiipokee kabisa. Kwa vinyago vikubwa unavyomsafirishia mteja, tunza oda aliyoisaini, picha ya mzigo na hati ya usafirishaji. Risiti ya mashine nayo itolee nakala siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya karatasi ile hufifia upesi kwa joto letu hili. Jambo jingine: risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) hutolewa kwa Sh 200,000 kamili, si kwa Sh 191,740 zilizoingia benki.

Mpingo_Mwenge:
Nashukuru sana, ndugu zangu. Je, naruhusiwa kumwongezea mteja wa kadi hiyo asilimia 3.5 juu ya bei?

Mhasibu_Kinondoni:
Soma mkataba kwanza, kwa sababu mikataba mingi inakataza mwenye duka kumtoza mteja wa kadi bei ya juu, na ukikiuka unaweza kunyang'anywa mashine. Ni salama zaidi gharama hiyo iingie kwenye bei ya duka zima. Wateja wa hapa nyumbani waelekeze kwenye Lipa Namba (malipo ya simu), ukishalinganisha makato yake na ile asilimia 2.5, ili kadi ibaki kwa wageni. Mashine ikimuuliza mgeni kama anataka kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya kwao, mwache achague mwenyewe, ila mweleze kwamba kiwango cha kubadilishia kwenye mashine mara nyingi humwumiza.

Kuhusu ile Sh 30,000, ukiuza vinyago viwili tu kwa kadi kwa mwezi, kila kimoja kimebeba Sh 15,000 nyingine juu ya makato, na faida uliyobaki nayo inakuwa Sh 16,740. Ukiuza ishirini, ni Sh 1,500 kila kimoja. Kabla ya kusaini, andika kwa mwezi mzima wateja wote wanaoulizia kadi na bei ya walichotaka kununua, kisha upeleke daftari hilo kwenye benki mbili au tatu na kuomba ada ya mwezi ifutwe.