Ukinunua deni la kampuni kwa bei ya chee, upewe pia kampuni yenyewe?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Marekani na Ulaya kuna biashara kubwa ya kununua madeni ya kampuni zinazozama. Kampuni inadaiwa 100, wadai wamekata tamaa, anakuja mtu na 40 taslimu, deni linakuwa lake. Wengine hawana hata haja ya kulipwa. Wanasubiri mambo yafike mahakamani, deni ligeuzwe hisa, washike usukani.

Kmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilikimbilia kinga ya mahakama dhidi ya wadai Januari 2002. Mfuko wa uwekezaji wa Edward Lampert ukazoa madeni yake kwa bei ya kutupa, na kampuni ilipotoka Mei 2003 ukawa na zaidi ya nusu ya hisa. Hisa za zamani zilifutwa. Mwaka uliofuata wakauza majengo ya maduka kadhaa, bei ya hisa ikapaa, kisha wakainunua Sears, kampuni nyingine ya maduka, kwa takriban dola bilioni 11. Walianza muungano na maduka karibu 3,500. Ulipofilisika Oktoba 2018 yalibaki kama 700.

Msimamo wangu: mnunuzi wa aina hii arudishiwe alicholipa na faida ya haki, basi. Kampuni asipewe. Nawasilisha.

Mchangiaji, Nakuru
Mkuu, unamlaumu fisi kwa mzoga ambao hakuua yeye. Kmart ilikuwa hoi tayari. Na aliyeuza deni kwa 40 hakushikiwa panga: ana mishahara ya Ijumaa, mdaiwa wake hapokei simu.

Angalia Kenya Airways, 2017. Mabenki ya Kenya yalikopesha shilingi kamili, si arobaini. Madeni yao yakageuzwa hisa, asilimia 38.1, Serikali ikafika 48.9, KLM, shirika la ndege la Uholanzi lililokuwa mbia, ikashuka kutoka 26.7 hadi 7.8. Baadhi ya mabenki yalikwenda mahakamani kupinga! Benki inajua riba, haijui kuendesha ndege. Halafu hisa zenyewe zikasimamishwa sokoni Nairobi kuanzia Julai 2020, zikarudi Januari 2025. Hapo ndipo ningependa atokee huyo mtu wa 40 unayemwogopa, kwa sababu yeye angalau anaitaka kampuni.

Mchangiaji, Mwanza
Mimi naona wote mnagombania swali lisilo lenyewe. Mjomba wangu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Alidaiwa na muuza dizeli, fundi, na wakulima wanne aliochukua mpunga wao kwa ahadi. Asubuhi moja akaja mfanyabiashara, akatandaza karatasi sita juu ya mzani, moja baada ya nyingine, zote kwa mwandiko wa mjomba. Alidhani anadaiwa na watu sita wa kuwabembeleza kwa zamu. Kumbe anadaiwa na mmoja. Jioni funguo zilikuwa zimehama.

Wale wakulima walipata nusu na walishukuru. Kilichoniuma ni kwamba mashine haikupigwa bei. Hakuna aliyeulizwa kama angetoa zaidi.

Sasa tazama Fisker, watengenezaji wa magari ya umeme. Serikali ya Marekani iliwakopesha, likabaki deni la dola milioni 168 hivi. Mwaka 2013 Hybrid Tech ikalinunua kwa milioni 25, ikataka kampuni moja kwa moja, na milioni 75 za deni hilo zihesabiwe kama malipo. Januari 2014 jaji akaikatia: utahesabiwa 25 ulizotoa. Mlango wa mnada ukafunguka, na Wanxiang ya China ikaondoka na Fisker kwa milioni 149.2. Mnunuzi wa deni hakufukuzwa. Alilazimishwa kushindana.

Mleta mada
Hiyo ya Fisker imenipunguza makali, nakiri. Basi narekebisha: apewe kampuni, ila baada ya mnada wa wazi, na deni lake lihesabiwe kwa bei aliyolinunulia.

Mchangiaji, Nakuru
Kwa bei aliyolinunulia? Hapo umeua soko la madeni, mkuu, maana faida yake yote iko kwenye ile tofauti. Na mnada unataka wanunuzi. Fisker ilikuwa na Wachina mlangoni wenye pesa mkononi. Kwetu mnada wa kiwanda cha sukari kilicholala miaka mitatu anakuja nani? Mtu mmoja na wakili wake.