Mkopo binafsi wa chuo Marekani, nisaini leo leo?

Wakuu naombeni msaada, nasoma Marekani na nimekubaliwa mkopo wa kampuni binafsi, sasa jamaa wa kwenye simu ananisukuma nisaini leo leo eti kesho masharti yanabadilika. Mama mdogo ndo mdhamini. Nifanyeje?

Jibu: Usisaini kwa presha mdogo wangu. Ukishapewa karatasi ya kukubaliwa sheria inakupa siku 30 za kufikiria na masharti hawayagusi, labda tu riba ile inayopanda na kushuka na soko, hiyo isome vizuri. Hata ukikubali bado una siku 3 za kazi za kughairi bure na hela haitoki kabla hazijaisha.

Jibu: Naongezea, ukilipa mapema hawaruhusiwi kukupiga faini. Mimi niliambiwa faini ipo nikaamini, nikakaa na hela mwaka mzima riba inakula tu, inaniuma mpaka leo.

Jibu: Na kwa mikopo iliyosainiwa baada ya Novemba 2018, mama mdogo akifariki (Mungu apishe mbali) hawawezi kukudai deni lote kwa mkupuo kwa sababu hiyo.

Asanteni sana, nimemwambia asubiri