Honda XL125S ya 6V: taa ya mbele hafifu, ya nyuma inaungua kila mara. Naomba ushauri

MwanaUkungu: Wakuu, salaam. Nina Honda XL125S, zile za 6V, niliyoachiwa na mzee wangu aliyekuwa bwana shamba. Injini iko vizuri, inawaka hata betri ikiwa imetolewa. Shida ni taa. Kwenye sailensa (injini ikinguruma bila resi) taa kubwa inakuwa ya njano, hafifu kabisa. Nikikaza resi kwenye lami ya Njombe kwenda Makambako inaongeza mwanga, lakini nikishuka nakuta globu ya nyuma imeungua. Naweka nyingine, safari inayofuata yale yale. Fundi wa mtaani anasema koili (waya uliosukwa unaozalisha umeme ndani ya magneti) imekufa, niisuke upya au ninunue magneti nzima. Huku ukungu ni mzito na malori ni mengi, bila taa ya nyuma naogopa kugongwa. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Spana_10: Pole sana mkuu. Koili kwanza iache. Koili iliyochoka hufifisha taa zote, haiunguzi globu. Angalia erthi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia fremu. Kwenye Honda waya wa kijani ndio erthi, ufuate kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Chomoa viunganishi utazame ndani: shaba ikiwa na unga wa kijani, hapo umeme haupiti vizuri. Piga msasa, kaza, paka grisi kidogo. Pale erthi inapofungwa kwenye fremu kwangua rangi mpaka chuma kionekane.

BodaMstaafu: Mimi ningeng'oa mambo yote ya 6V. Nunua betri ya 12V na reguleta (kifaa cha kuzuia volti zisipande) ya pikipiki za siku hizi, umemaliza. Globu za 12V zipo kila duka.

FundiStata: Mkuu BodaMstaafu, kwa pikipiki hii ngoja kwanza. Wengi wanakosea kwa kudhani taa zote zinatoka kwenye betri. Kwenye hizi XL taa kubwa na taa ndogo ya nyuma zinalishwa moja kwa moja na koili ya magneti. Betri inahudumia honi, indiketa na taa ya breki. Ndiyo maana mwanga unapanda na kushuka na resi. Kufifia kidogo kwenye sailensa ni kawaida yake.

Sasa sikiliza vizuri, MwanaUkungu. Koili hiyo haina reguleta ya kuizuia. Kinachoshikilia volti zisipande ni globu zenyewe, hasa ile kubwa. Globu ya 6V 35W inakula karibu ampea 6. Ukiweka ya 12V yenye wati hizo hizo, kwa volti 6 haili hata nusu yake. Itafifia, na kwa sababu mzigo (umeme unaoliwa na globu) umepungua, ukikaza resi volti zinapanda na kuangukia kwenye kile kiglobu cha 5W cha nyuma. Kinakatika. Dalili ulizoeleza ni hizo hizo.

Toa globu ya mbele usome maandishi yaliyogongwa kwenye kitako chake.

MwanaUkungu: Nimeitoa sasa hivi. Imeandikwa 12V 35/35W. Fundi aliiweka ile ya zamani ilipoungua, akasema zote ni sawa, mradi wati zinalingana.

FundiStata: Basi ndiyo hiyo. Tafuta ya 6V yenye wati zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, bado zinatengenezwa. Usiweke ya wati pungufu, utarudi pale pale. Ya nyuma nayo iwe ya 6V. Kisha pima kwa multimita (kipimo cha umeme): iweke upande wa AC, umeme wa kubadilika unaotoka kwenye koili, maana ukipima kwa DC, umeme wa betri, utapata karibu sifuri na kuihukumu koili bure. Waya mmoja kwenye njia ya taa, mwingine kwenye fremu, taa zikiwa zinawaka, halafu vuta resi taratibu. Ikikaa volti 6 au 7 hivi, uko salama. Ikipita 8, kuna globu isiyokula umeme wake sawasawa, rudi kwenye erthi alizosema Spana_10. Usipime taa zikiwa zimezimwa, namba itakuwa kubwa na haitakuambia kitu.

Spana_10: Ongezea swichi ya full na dim. Zikizeeka, ukibadilisha zinaachia pande zote mbili kwa nukta moja. Wakati huo taa ya nyuma inabaki peke yake na umeme wote. Ifungue, isafishe, na uwe unabadilisha ukiwa umepunguza resi.

MwanaUkungu: Asanteni mno. Na hili la 12V la BodaMstaafu, ni baya kabisa?

FundiStata: Si baya, ila ni kazi kamili. Koili isukwe upya kwa waya mwembamba wenye mizunguko mingi zaidi, iwekwe reguleta yenye rektifaya (ya kugeuza AC kuwa DC ya kuchaji betri), na betri, globu zote, flasha ya indiketa na honi vibadilishwe. Ukibadilisha nusu, utaendesha gizani kila ukishuka resi. Kwa sasa nunua globu ya 6V, pima, kisha utuambie multimita imesoma ngapi.

BodaMstaafu: Nimekubali, hiyo ya mzigo sikuwa naijua. MwanaUkungu, mpaka globu ipatikane, bandika riflekta nyekundu kwenye madigadi ya nyuma na usitoke kabla ukungu haujapanda.